Mama mmoja, watoto arobaini: historia ya kukopia sistemu moja kwenye mashine nyingi

Leo tuzungumze juu ya kazi moja ambayo karibu kila mmoja wetu ameshaona matokeo yake bila kujua jina lake. Unaingia kwenye chumba cha mashine cha iniversite ao kwenye siberi, unakuta ordinatere 20 zote ziko na picha moja ya nyuma, programu zile zile, zimepangwa vile vile. Hakuna mtu aliyekaa mbele ya kila moja kuiwekea sistemu toka mwanzo mpaka mwisho. Mtu alitayarisha moja tu, akaifanya mama. Akachukua kila kitu kilichokuwa ndani ya diski yake, akakifunga katika fishiye moja kubwa, kisha akaimwaga ile fishiye kwenye mashine zingine zote. Ile fishiye njo tunaita imaji.

Mimi nilisoma agronomi, sikusoma enformatiki. Lakini hii historia inanigusa, juu wakulima wanafanya ile kazi toka zamani sana, mbele hata umeme haujajulikana. Ukikata mti wa muhogo vipande na kuvipanda, kila kipande kinatoa muhogo ule ule wa mama: utamu ule ule, majani yale yale. Na kama mama alikuwa na mozaiki, watoto wote wanazaliwa na mozaiki. Kipandikizi hakichagui cha kubeba, kinabeba vyote. Imaji ya kompyuta iko vile vile. Watu walijua haraka namna ya kukopia. Iliwachukua miaka mingi zaidi kujua nini kinapaswa kuondolewa kwa mama mbele ya kumzidisha.

Wakati wa disketi

Turudi Agosti 1995. Windows 95 inatoka. Aliyeinunua kwa disketi alipata pakiti ya disketi 13. Sasa fikiria wewe njo unachunga chumba cha mashine 20. Disketi 13 mara 20, ni mara 260 unaingiza disketi, unangoja, unatoa, unaingiza ingine. Disketi moja ikiwa na doa, unaanza tena. Na ukimaliza bado hujafika, juu kila mashine ingali inangoja programu ya kuandikia, programu za kifaa cha kuchapa, za kadi ya sauti, za rezo.

Ile kuchoka si kitu. Shida kubwa ni kwamba mtu akichoka anasahau. Mashine ya 3 inapata kitu ambacho ya 17 haina. Kisha miezi sita, kila mashine iko na tabia yake, na mtu wa kutengeneza anapaswa kujifunza kila moja kama vile mganga anajifunza mgonjwa mpya.

Wazo la kukopia lilikuwepo. Katika DOS kulikuwa amri DISKCOPY, iliyochukua disketi moja na kuizaa upya kwenye ingine bila kuuliza ndani kuna nini. Lakini hiyo ilikuwa kwa disketi. Diski kubwa ya ndani ya mashine, yenye sistemu nzima, ilibaki kazi ya mkono.

Mzimu kutoka Auckland

Jibu lililosambaa zaidi halikutoka Marekani. Lilitoka New Zealand, mji wa Auckland, kwenye kampuni ndogo Binary Research. Mwandishi wa programu Murray Haszard alitengeneza, katikati ya miaka ya 1990, programu aliyoiita Ghost. Kwa Kiingereza neno hilo ni mzimu, lakini zilikuwa herufi za mwanzo za jina refu juu ya kuhamisha sistemu kwa kufuata vifaa vya mashine.

Kazi yake ilikuwa hivi. Unaamsha mashine kwa disketi ya DOS, ili sistemu ya kwenye diski ibaki imelala. Ghost inasoma ile diski na kuandika kila kitu katika fishiye moja. Kisha unaenda kwenye mashine ya pili, unaiamsha vile vile, na Ghost inamwaga ile fishiye kwenye diski yake. Ikizimwa na kuwashwa tena, mashine ya pili inaamka ikiamini kwamba yeye ni ile ya kwanza.

Hatua kubwa iliyofuata ilikuwa rezo. Tuhesabu pamoja: imaji ya mega 600, mashine 20. Ukituma kwa kila moja peke yake, kwenye waya kunapita mega 12.000. Lakini kuna njia ya kutuma mara moja na wote wakasikia, kama redio: mtangazaji hasemi na kila nyumba mbali mbali, anasema mara moja na kila mwenye kufungua redio anapata. Kwa njia hiyo waya unabeba mega 600 tu, iwe mashine 5 ao 20. Chumba kilichokula juma nzima kikaanza kumalizwa mchana mmoja.

Mwaka 1998, kampuni Symantec ya Marekani iliinunua Binary Research pamoja na Ghost yake. Jina likasambaa hadi likawa kitendo. Hata leo utasikia fundi anasema atapiga "ghost" kwenye mashine, na anatumia programu ingine kabisa.

Namba moja, mashine mingi

Sasa njo ugonjwa ulijitokeza. Toka Windows NT ya mwaka 1993, kila mashine inapowekewa sistemu inajitengenezea namba ndefu ya utambulisho, inayoitwa SID. Namba hiyo inapaswa kuwa ya mashine moja tu. Ukikopia diski nzima, unakopia na namba. Unapata mashine 40 ambazo kwa ndani ni mtu mmoja mwenye miili 40.

Watu wakaogopa. Mark Russinovich na Bryce Cogswell, wenye Sysinternals, wakaandika kaprogramu NewSID cha kubadilisha namba kisha kukopia, na mafundi wa dunia nzima wakakitumia. Microsoft kwa upande wake ilitoa Sysprep. Unaipitisha kwa mama mbele ya kuchukua imaji: inafuta namba, inafuta jina la mashine, inaondoa mambo yaliyofungwa na vifaa vya mashine ile. Mama anazimwa akiwa hana jina. Kila mtoto, siku anawashwa mara ya kwanza, anajitengenezea namba yake na kutafuta vifaa vyake.

Kisha kukaja mzunguko wa ajabu. Novemba 2009, Russinovich mwenyewe, wakati huo tayari yuko Microsoft, aliandika kwamba amechunguza vizuri na hakuona madhara ya kweli ya mashine mbili kuwa na SID moja. Akaondoa NewSID. Hata hivyo Microsoft iliendelea kusema: anayekopia Windows apitishe Sysprep. Wengi walishika sehemu ya kwanza wakasahau ya pili. Miaka 16 ikapita. Mwaka 2025, kisha marekebisho mapya ya usalama ya Windows 11, mashine zenye SID ya kufanana zilianza kukataliwa kwenye rezo: unaandika nywila sawa sawa, mashine ingine inakataa kukutambua. Jambo lililoitwa la bure likarudi kudai deni lake.

Shida hiyo haikuwa ya Windows peke yake. Mwaka 2012, watafiti wa iniversite za Marekani, kati yao Nadia Heninger na Alex Halderman, walichungulia vifaa vilivyo wazi kwenye intaneti duniani kote. Walikuta vifaa vingi sana vinatumia ufunguo wa siri ule ule. Sababu moja ilikuwa funguo zilizowekwa kiwandani na kuzaliwa nazo kila kifaa. Ni kama kujenga nyumba elfu, zote na serire ya namba moja, na kila mwenye nyumba analala akijua amefunga.

Kukopia diski ao kukopia fishiye

Ghost ya kwanza ilifuata diski jinsi ilivyo. Hiyo iko na ubaya wake: imaji ya mashine ya aina moja, ukiimwaga kwenye mashine ya aina ingine, mara nyingi inaleta ile skrini ya buluu na kukwama, juu sistemu inatafuta vifaa ambavyo haioni. Njo maana mafundi walichunga imaji kumi, moja kwa kila aina ya mashine.

Windows Vista, iliyofikia makampuni Novemba 2006 na watu wote Januari 2007, ilibadilisha msingi. Imaji yake, ya aina ya WIM, haikopii diski, inakopia fishiye. Fishiye moja ikitokea mara kumi, inachungwa mara moja tu. Unaweza kufungua imaji, kuongeza kitu, kufunga tena, bila kuwasha mashine yoyote. Na imaji moja ikaweza kutumika kwa mashine za aina mbali mbali.

Upande wa Linux, kulikuwa watu waliouliza swali la kina zaidi: kwa nini tukopie? Mwaka 1999, Thomas Lange wa iniversite ya Köln, Ujerumani, alianzisha FAI, programu ya kuinstale mashine yenyewe kwa yenyewe. Hapo huchungi mwili wa mama. Unachunga karatasi ya maagizo: weka hiki, kata diski hivi, ongeza programu hizi. Kila mashine inajengwa toka mwanzo kwa kufuata ile karatasi. Kampuni Red Hat nayo ilikuwa na njia yake ya kufanana, Kickstart.

Mtu wa agronomi anaona mara moja: huyu anapanda kipandikizi, yule anapanda mbegu. Kipandikizi ni haraka na kinafanana kabisa, lakini kinabeba magonjwa ya mama. Mbegu inachelewa, inaanza upya, na magonjwa mengi yanabaki nyuma. Mafundi wazuri wa leo wanachanganya: wanajenga mama kwa karatasi ya maagizo, kisha wanamkopia.

Kutoka Taiwan, chombo cha bure kwa wote

Kwa sisi wenye mfuko mwepesi, jina la kukumbuka ni Clonezilla. Ilitengenezwa Taiwan, kwenye kituo cha taifa cha kompyuta zenye nguvu, NCHC, na kiongozi wa kazi hiyo ni Steven Shiau. Ni ya bure, na unaweza kuangalia ndani namna inavyofanya kazi. Haipotezi wakati kukopia sehemu tupu za diski, inachukua zile zenye kitu tu. Watengenezaji wake walieleza jaribio lao: mashine 41 kwa wakati mmoja, imaji ya giga 5,6, dakika kama 10 tu.

Mbele yake, mwaka 2000, Klaus Knopper wa Ujerumani alitoa Knoppix, sistemu nzima inayoishi kwenye CD bila kugusa diski. Tena kati ya mwaka 2005 na 2011, Ubuntu ya Mark Shuttleworth, mwana wa Afrika ya Kusini, ilikuwa inatuma CD za bure kwa posta kwa mtu yeyote aliyeomba, popote duniani.

Na huku kwetu?

Kwetu imaji iliingia kwa mlango mwingine. Mashine nyingi tunazotumia ni za okazioni. Intaneti inalipwa kwa mega. Nani atanunua giga nyingi kwa kila mashine? Kwa hiyo CD moja ya Windows ya wizi, "imeshaandaliwa", ilitembea kutoka fundi kwa fundi, mji kwa mji, na baadaye fleshi ikachukua nafasi ya CD. Watu walipata sistemu iliyo tayari, na Word ndani yake. Hakuna aliyeuliza nani alikuwa mama.

Novemba 2008 virusi Conficker ilitokea, ikipita kwenye rezo na hata kwa fleshi. Mashine moja yenye virusi ni shida ya mtu mmoja. Mama mwenye virusi ni shida ya chumba kizima, na hata ukisafisha leo, siku utarudisha imaji unarudisha na virusi. Watu wa Kivu wanaelewa hii bila kuelezwa. Mnyauko wa migomba ulionekana Masisi mwaka 2001, na tuliona namna ulivyotembea: kwa panga lisilosafishwa, kwa machipukizi mtu aliyomupatia ndugu yake kwa moyo mwema.

Nimeshaona chumba kimoja cha mashine, sitakitaja, ambapo ordinatere zote zilifunguka kwa jina la fundi aliyekuwa amekwisha kuondoka. Kwenye kila moja kulikuwa barua zake za kuomba kazi na picha za arusi ya dada yake. Nywila ya kubadilisha chochote alikuwa nayo yeye peke yake. Wanafunzi walikuwa wageni kwenye mashine za shule yao wenyewe.

Kwa nini tuseme hii leo? Juu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuchunga Windows 10 kwa njia ya kawaida, na Windows 11 inadai kifaa cha usalama, TPM 2.0, ambacho mashine nyingi za okazioni hazina. Miaka hii vyumba vyetu vitapaswa kuchagua: kubaki na sistemu isiyopata dawa, kumwaga tena imaji ya wizi tusiyojua mama yake, ao kutengeneza mama wetu wenyewe, wa Linux, kwa mikono yetu. Mimi niko upande wa tatu. Ndani ya ile imaji tunaweza kuweka LibreOffice ya kuandikia TFC na memwari, R kwa hesabu za utafiti, QGIS kwa karata, na Kiwix yenye Wikipedia nzima ya kusoma bila mega hata moja. Vyote ni vya bure, na hakuna anayeiba. Klavie ya azerty, lugha tunayotaka.

Historia tuliyoipitia inatupa masharti ambayo wengine walilipa kwa shida:

1. Mama azaliwe safi. Chukua sistemu mahali pake halali, hakiki namba ya uthibitisho wa fishiye mbele ya kuitumia, na usiingize fleshi ya mtu yeyote kwa mama.

2. Ondoa utambulisho. Kwa Windows ni Sysprep. Kwa Linux, ile namba ya machine-id na funguo za SSH zifutwe kwa mama, na kila mtoto atengenezewe zake.

3. Usiache kitu cha mtu: barua, picha, nywila ya Wi-Fi, akaunti ya fundi.

4. Jaribu kwa mashine mbili za aina mbali mbali mbele ya kumwaga kwa zote. Kosa la mama ukiliona kwa mashine 2 ni kazi ya saa moja. Ukiliona kwa 40 ni kazi ya juma.

5. Kumwaga imaji kunafuta diski. Kwanza toa kazi zote za wanafunzi, na toka hapo zichungwe sehemu ingine, mbali na sistemu. TFC ya mtu hairudi.

6. Jipange na umeme. Ukikatika katikati, mashine inabaki na nusu diski na unaanza upya. Tuma imaji kutoka mashine yenye batri, kwa waya na switchi ndogo. Kwa kumwaga, intaneti haihitajiki.

7. Andika daftari: tarehe, nani alitengeneza, kuna nini ndani, karatasi ya maagizo yote. Chunga imaji mahali pawili, na nywila wajue watu wawili ao watatu wa kuaminika.

Kuna na onyo la mwisho, na hili nalo linanuka udongo. Mwaka 2003 Dan Geer na wenzake wa usalama wa kompyuta waliandika kwamba dunia kutumia sistemu moja ni kama shamba la mmea mmoja: ugonjwa ukipata njia kwa mmoja, umepata njia kwa wote. Tarehe 19 Julai 2024 tuliona mfano. Fishiye moja yenye kosa, iliyotumwa na kampuni ya usalama CrowdStrike, iliangusha mashine za Windows kama milioni 8,5 kwa hesabu ya Microsoft. Ndege zikabaki chini, hospitali zikakwama. Ile haikuwa imaji, ilikuwa marekebisho, lakini njia ilikuwa ile ile: zote sawa, zote zilianguka kwa namna moja. Kwa hiyo chumba chenye mashine 20, acha mbili ziwe na sistemu tofauti, kama vile mkulima anavyoacha aina mbili za muhogo shambani.

Mwaka 1952, Ufaransa, Georges Morel na Claude Martin walichukua kancha kadogo kabisa ka dahlia mgonjwa, pale ambapo virusi haijafika, wakakuza mmea mzima usio na ugonjwa. Toka hapo watu wa kilimo wanajua kwamba hata mama mgonjwa anaweza kutoa mbegu safi, kama mtu amekubali kufanya kazi ya kusafisha mbele ya kazi ya kuzidisha.

Kama kwenye kikundi chenu kuna mashine tano zinazolala na fundi mmoja mwenye nia, mnaweza kuanza juma hii. Wenye kushajaribu, mutuandikie hapa chini mulitumia sistemu gani, mashine za aina gani, na wapi palikwama, ili wa mji mwingine asianzie pale mulipoanzia.